Damu ya Namba Mbili

Ngulyati, Bariadi
14 Septemba 1994

Mdogo wangu Milembe,

Mwangaluka. Ukiisoma barua hii ujue imesafiri pamoja na kisanduku alichokufungia Daktari Joakim wa hospitali ya wilaya. Nimemsihi kondakta asikiweke karibu na injini wala juani. Akacheka, akaniuliza kama ni samaki wa Lamadi. Nikamwambia ni damu za watu. Hakucheka tena, akakipakata mwenyewe.

Daktari ameshakuandikia kwa lugha ya ofisi. Mimi nakuandikia kama kaka, nikueleze nilivyoona.

Unajua ushirika ulivyolegea. Mwaka huu watu binafsi wameruhusiwa kununua pamba, na hapa amekuja tajiri anayejenga jineri yake ya kuchambua pamba pamoja na matangi ya mafuta ya mbegu. Nimepata kazi kwake ya ufundi wa mitambo. Basi wakaja watu wa kupiga picha maungio ya matangi, waone kama chuma kimeshikana vizuri hadi ndani. Hawatumii mwanga. Wanatumia kichuma kidogo chenye mionzi, kinachokaa ndani ya chombo kizito kama mzigo wa mawe. Jumamosi jioni walifunga vyombo wakaondoka, kumbe kichuma kimechomoka mwisho wa waya wake kimebaki uwanjani. Jumanne, tarehe sita, wakarudi mbio na mashine inayolia tiki-tiki-tiki, wakakikuta kwenye nyasi nyuma ya tangi. Shigela, mwenzangu wa zamu, alikuwa amekiona kabla yao, akakisogeza kwa koleo.

Waliotolewa damu ni watatu: Shigela, yule mpiga picha, na mtu mwingine aliyetapika siku zile. Daktari hakuandika majina kwenye mirija, ameandika namba tu. Anasema ndivyo mnavyotaka, ili jicho lenu lisimpendelee mtu. Mimi nilikuwa mbali.

Mitambo imeanza kujaribiwa. Pamba inapepea hewani mpaka huoni ukuta wa pili. Watu wanaonekana kama wanatembea ndani ya maziwa. Wakati mwingine nasimama katikati nasahau nilikuwa naelekea wapi.

Wifi yako Flora yuko salama, tumbo lina miezi mitano. Mayu, mama yetu, anauliza kama huko Arusha kuna jua la kuanikia michembe, akutumie viazi ukate ukaushe mwenyewe. Tuambie damu zimesema nini.

Kaka yako,
Zengo


Arusha
29 Septemba 1994

Kaka Zengo,

Kisanduku kilifika Ijumaa, kikiwa cha baridi kama maji ya mtungini. Kondakta alikileta mwenyewe hadi mlangoni, akakataa kuondoka mpaka niseme kama damu iko hai. Nikamwambia iko hai. Akavua kofia.

Nikueleze ninachofanya humu chumbani mwa maabara, maana Mayu akiulizwa na majirani husema mwanangu anachemsha dawa.

Mtu akipigwa na mionzi huwezi kujua amepigwa kiasi gani kwa kumtazama. Leo anacheka, wiki ijayo nywele zinamwanguka. Yeye mwenyewe hajui, na akijua pengine hasemi. Lakini damu yake imeandika. Ndani ya kila chembe nyeupe kuna vijiti arobaini na sita vinavyoitwa kromosomu, na kila kijiti kina kiuno kimoja, pale kilipobanwa kama nyigu. Mionzi inavivunja. Mwili hujitahidi kuviunga, na kwa haraka hiyo hukosea, ukaunganisha kipande cha huyu na kipande cha yule. Hapo ndipo ninapokuta kijiti chenye viuno viwili. Kwa mtu asiyepigwa unaweza kuhesabu chembe elfu ukakuta kimoja tu, au usikute. Kadiri mionzi ilivyokuwa mingi ndivyo na hivyo vinavyokuwa vingi. Kwa hiyo nahesabu. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, kaka, kuhesabu viuno.

Damu lazima kwanza ikae siku mbili kwenye kabati lenye joto la mwili, ili chembe zikubali kugawanyika na vijiti vionekane. Siku ya pili, saa nne asubuhi, umeme ukakatwa. Mgawo ulikuwa umetangazwa kuwa Alhamisi, wakabadilisha bila kusema. Jenereta haina dizeli. Kristofa, ninayefanya naye kazi, akatoka kwenda kutafuta, nikabaki natazama kipimajoto cha kabati kikishuka kidogo kidogo. Nikaitoa mirija, nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka tumboni chini ya sweta, nikaketi. Saa sita nzima sikujongea. Dirisha lilikuwa wazi, mlima umefunikwa na mawingu, na ndege walikuwa wanalia kama wako chini ya maji. Nikasinzia. Nikaota niko shambani Ngulyati nachuma pamba, na watu watatu wananisaidia, lakini kila nikigeuka nyuso zao ni nyeupe kama pamba yenyewe. Mmoja alikuwa anapiga mluzi kwa meno ya upande mmoja. Nikamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Akasema, "Chuma tu, jua linapanda." Kristofa akaniamsha saa kumi na dumu lake mkononi. Mirija ilikuwa na joto langu mimi.

Zote zimeota vizuri. Ukiinamia hadubini unaona giza la zambarau, na vijiti vimetawanyika humo kama nyota zilizomwagika. Nikikaa sana nikiinuka naona dunia nzima ina viuno.

Majibu nimempelekea Daktari Joakim, ila wewe nakuambia kwa sababu Shigela ni rafiki yako. Namba moja ni mzima. Namba tatu amepigwa kidogo sana. Namba mbili amepigwa vibaya. Katika chembe mia tano nimekuta viuno viwili mara arobaini na tano. Na kuna jambo jingine. Havikutawanyika sawasawa. Chembe nyingi ni safi kabisa, halafu ghafla nakuta moja imevurugika yote, ina vitatu, vinne kwa pamoja. Maana yake mionzi haikumpata mwili mzima kutoka mbali. Kile kitu kilikuwa kimegusa mwili wake, upande mmoja. Alikibeba, kaka. Koleo ni hadithi.

Mwambie Shigela hakuna anayemhukumu. Mwambie aende Mwanza kabla kidonda hakijafunguka, maana kitafunguka. Mshike mkono umpeleke. Nakutegemea wewe.

Mdogo wako,
Milembe


Ngulyati
5 Oktoba 1994

Wifi Milembe,

Mwadila. Hujazoea barua yangu, najua, ni kaka yako ndiye mwandishi. Leo naandika nikiwa nimekaa kisimani, naye hajui.

Zengo ana kidonda nyonga ya kushoto. Anasema alimwagikiwa na oili ya moto kazini. Wifi, mimi nimepika maisha yangu yote, najua moto. Moto unauma siku ya kwanza halafu unapoa. Hiki siku za kwanza kilikuwa wekundu tu, kama mtu aliyelala juu ya mkeka, sasa ndio kinazidi kwenda ndani. Na vidole viwili vya kushoto vimevimba, kucha zimegeuka rangi. Hali chakula. Anakaa mlangoni anatazama barabara, ukimwita anachelewa kugeuka kama mtu anayerudi kutoka mbali. Daktari Joakim ametuma mtu mara mbili kumwita. Mara zote mbili aliruka ua akaenda shambani. Nikimuuliza anasema ni mambo ya kazi, anatakiwa kusaini karatasi.

Alisoma barua yako akaikunja, akaniambia, "Milembe anasema Shigela anaumwa." Nikamwambia, "Shigela nimemwona jana amebeba magunia mawili." Akarudi kukaa mlangoni.

Sijui kama kuna dawa ya kupaka huko kwenu. Kama ipo nitumie na basi.

Na tumepata hasara nyingine. Ndama wa Mayu, yule mweupe, amekufa juzi. Alianza kunyonyoka manyoya ubavuni, halafu damu ikamtoka puani, akalala. Mtu wa mifugo hajawahi kuona ugonjwa huo. Ndama wengine ni wazima, na huyu ndiye tuliyekuwa tunamfunga peke yake pale kwenye kona ya uzio. Mayu anaona ni mkono wa mtu. Mimi namwota huyo ndama. Anakuja anasimama miguuni pangu, mwepesi kama hana mifupa, ananitazama kama ana jambo ananidai nimwambie.

Labda ni hili, na wewe usimwambie kaka yako. Siku ile aliyorudi mchana anatapika, alitundika koti lake la kazi nyuma ya mlango. Mimi na hili tumbo siwezi harufu ya grisi. Sikungoja hata maji yachemke, nikaliinua kwa mti nikalipeleka mbali, nikalitundika pale kwenye kona ya ndama. Asubuhi nikalirudisha kabla hajaamka, maana hapendi nikigusa vitu vyake. Tangu ndama afe nafikiri labda grisi ya mashine mpya ina sumu, ndama akalilamba koti. Kama ni kweli basi nimemuua ndama wa Mayu mimi. Niambie ukweli nijue la kumwambia mama.

Wifi yako,
Flora


Arusha
11 Oktoba 1994

Kaka,

Namba mbili ni wewe.

Niliwahi kukuuliza chochote ukanificha? Uliuza baiskeli yako nikasoma, na hukunificha kwamba ulilia. Sasa hili umelificha, umeniletea damu yako kwa basi, umekaa unangoja nikuambie ni ya mtu mwingine. Nimekuandikia umshike Shigela mkono. Uliisomaje barua ile? Ulikaa wapi ulipoisoma?

Sikukasirikii. Nimekosa usingizi siku mbili, mwandiko wangu unauona.

Kile kichuma kilikuwa kwenye koti lako, na koti lililala nyumbani kwako. Ndama hakulamba kitu. Muulize Flora koti alilipeleka wapi, halafu umwombe radhi, halafu umshukuru. Nisamehe, aliniomba nisikuambie, nami nafichua siri yake kwa sababu ya mtoto.

Nataka saa zote. Ulikiokota saa ngapi, ulikaa nacho saa ngapi, koti lilikaa nyuma ya mlango muda gani, Flora alikuwa amesimama wapi. Usipunguze hata dakika kwa aibu. Na nataka damu ya Flora. Nimeshamwandikia Daktari Joakim. Wewe nenda Mwanza siku utakayopata barua hii.

Milembe


Mwanza, wodi ya wanaume
19 Oktoba 1994

Milembe,

Nimekuja. Shigela ndiye aliyenileta, amenishika mkono kweli kama ulivyoandika, naye alicheka njia nzima ili mimi nisilie.

Nakuandikia saa. Jumatatu tarehe tano, saa nne asubuhi, nilikwenda kunywa uji pale getini. Kwenye jiwe karibu na jiko nikaona kitu kinang'aa, kifupi kama kidole, kina mkia wa waya uliosokotwa vizuri. Milembe, kilikuwa kizuri. Sijui nikueleze vipi. Ufundi wangu wote nimefungua vyuma vilivyochoka vya ushirika, vina kutu, vina viraka, na hiki kilikuwa kama kimetengenezwa jana na mtu asiyewahi kukosea. Nikakizungusha vidoleni. Nikajua si changu. Nikakitia mfuko wa kushoto wa koti. Nilifikiri nitakitazama vizuri nyumbani, kesho nitakirudisha. Hivyo ndivyo mwizi anavyofikiri, na tajiri alikuwa ametutangazia wiki hiyo hiyo kwamba atakayetoka na hata msumari atafukuzwa.

Saa sita kasoro nikaanza kutapika. Nikaenda nyumbani. Koti nililitundika mlangoni, na Flora alikuwa jikoni, hatua kama sita. Anasema halikukaa hata nusu saa. Asubuhi yake nikalivaa tena hadi kazini. Walipokuja na mashine yao inayolia, nikajua wanakitafuta. Nikapita nyuma ya tangi nikakiangusha kwenye nyasi. Shigela akakiona, akakigusa kwa koleo, wakamshika yeye. Nami nikanyamaza. Nilimwambia daktari nilitapika kwa sababu nilisimama karibu na tangi.

Niliposoma ulivyoandika kwamba alikibeba mwilini nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa pamba, na kwa muda nikaona kama unasema nami kutoka ndani ya nyonga yangu. Sikujua damu inaweza kusema hata mfuko gani. Niliogopa kazi, niliogopa kuitwa mwizi, lakini zaidi ya yote niliogopa kumtazama Flora. Kila nikimtazama nilikuwa naona tumbo. Nikaona heri nitazame barabara.

Nimemwambia. Tulikuwa tumekaa nje, anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Kwa hiyo grisi haikuwa na kosa." Akaniuliza tena, "Na wewe utakufa?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi twende tukajue," akafunga viazi kwenye kitambaa akaja navyo mpaka Bariadi, kutoa damu.

Mrija wake umeondoka jana na kondakta yuleyule. Humu wodini madirisha yanatazama ziwani. Mchana ziwa linaingia hadi darini, linatikisika juu ya vitanda, na sisi tumelala chini yake kama samaki waliotulia. Siumwi sana nikilitazama.

Niambie ya Flora kabla ya yangu.

Zengo


Arusha
6 Novemba 1994

Wifi yangu Flora,

Nakuandikia wewe na si Zengo, kwa sababu damu ni yako. Naanza na jibu: ni salama.

Nimehesabu chembe elfu moja, peke yangu. Kristofa alitaka kunisaidia nikamkatalia, halafu nilipomaliza nikamwomba ahesabu upya zote bila kumwonyesha karatasi yangu. Mimi nilikuta kiuno-viwili kimoja. Naye akakuta kimoja, kilekile, kwenye kioo kilekile. Mtu yeyote niliyekutana naye leo sokoni anaweza kuwa na kimoja.

Sitakudanganya kwamba kipimo changu kinaona kila kitu. Mionzi midogo kabisa inaweza kupita isiache alama ninayoweza kuihesabu. Lakini ile ya kumdhuru mtoto tumboni ingeacha alama, na mimi nimeitafuta siku tisa sikuiona. Nimezipiga hesabu saa alizoandika kaka pamoja na hatua ulizosimama, nazo zinakubaliana na damu. Koti lingebaki nyuma ya mlango hadi asubuhi, barua hii ingekuwa nyingine. Nakuambia hivi ili usiendelee kujilaumu. Ndama alikaa na lile koti tangu mchana hadi asubuhi, karibu kabisa. Mwambie Mayu mimi ndiye nitakayemletea ndama mwingine, na kwamba hakuna mkono wa mtu.

Nisamehe kwa kumwambia Zengo siri yako. Ningeweza kutafuta njia nyingine, sikuitafuta.

Kuhusu yeye, Daktari Joakim ameniandikia. Chembe nyeupe zilishuka sana mwezi ule wa kwanza baada ya kupigwa, sasa zinapanda. Mwili utapona. Vidole viwili sidhani, na nyonga itahitaji kubandikwa ngozi ya paja. Atakuwa na wewe.

Nilipomaliza kuhesabu nilitoka nje. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua ya kwanza imenyesha, njia nzima imejaa maua ya zambarau yaliyoanguka, na watu wanatembea juu yake bila kutazama chini. Nikasimama kama mjinga. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Dada, umepotea?" Nikamwambia hapana, nahesabu. Akaniacha.

Kula vizuri. Michembe imefika, nimeila yote.

Wifi yako,
Milembe


Ngulyati
22 Januari 1995

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Naandika polepole, mkono wa kushoto hauwezi kushikilia karatasi, kwa hiyo nimeweka jiwe juu yake. Vidole vimeondoka viwili, cha shahada na cha kati. Nyonga imefunga. Natembea kama bata, ila natembea. Flora amejifungua msichana tarehe tisa, kilo tatu, ana sauti kama king'ora cha jineri. Tumemwita Rhoda, jina la bibi yake Flora. Ukija utamwona, siwezi kumweleza, nikianza naishia kumtazama tu.

Nataka nikueleze la juzi.

Nilirudi jineri kuchukua vifaa vyangu. Nilijua sina kazi. Lakini tangu nitoke Mwanza kuna jambo lilikuwa linanisumbua. Kila mtu pale bado anaamini kichuma kilikaa kwenye nyasi tangu Jumamosi mpaka Jumanne, na kwamba ni sisi watatu tu. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwambia Daktari Joakim. Akasema, "Ukweli wako uko kwenye faili langu, lakini faili haliwezi kusimama uwanjani." Akaja nami.

Tajiri alitukatalia mwanzoni. Aliogopa watu wataogopa mafuta yake. Daktari akamweleza kwamba mtu aliyepigwa na mionzi hamwambukizi mwingine, wala tangi halina kitu, ila anayejificha anaoza peke yake. Akafikiri, akapiga kengele mwenyewe.

Milembe, walikuwa watu kama themanini. Mashine zilizimwa, pamba iliyokuwa hewani ikaanza kushuka taratibu juu ya vichwa vyao, kila mtu akawa na mvi. Nikaona kama nasema na wazee ambao hawajazaliwa. Nikawaambia nilikiokota juu ya jiwe karibu na jiko la uji, nikakiiba, nikakibeba, Shigela akashikwa kwa ajili yangu. Nikainua mkono wakauona. Nikafungua upande wa nyonga wakauona. Hakuna aliyezomea. Shigela akasema kwa sauti, "Mimi nilishamsamehe, yaliyobaki ni yenu." Wakatawanyika.

Nilipokuwa nafunga vifaa vyangu akaja Felisita. Humjui. Ni mjane kutoka Binza, Maswa, ndiye anayepika uji pale getini. Ameanza mwaka jana jineri ilipoanza kujengwa. Alisimama nyuma yangu. Halafu akasema, "Zengo, lile jiwe ni langu."

Nikasema, "Najua, mama, nilikikuta pale kwako."

"Na kilifikaje juu yake?"

Sikuwahi kujiuliza. Miezi minne yote, sikuwahi kujiuliza.

Akaniambia Jumatatu ile alifagia uwanja alfajiri kama kawaida, kikatoka kwenye vumbi. Alidhani ni pambo la funguo la mmoja wa wale wapiga picha. Akakifunga kwenye pindo la kanga, kiunoni, amrudishie mwenyewe akija. Alikaa nacho tangu alipopuliza moto hadi uji ulipochemka. Kilipomchoma kwa ncha akakitoa, akakiweka juu ya jiwe. Baadaye hakukiona, akafikiri mwenyewe amekichukua. Wiki ya tatu ubavu ukaanza kuchubuka. Alisema moyoni ni uji ulimrukia, na waliposema habari za mionzi akanyamaza, maana angefukuzwa getini, na pale getini ndipo wanawe wanapokula.

"Kinauma?" nikamuuliza.

"Kinanuka," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Daktari Joakim alikuwa bado anaongea na tajiri. Sikumwita kwa sauti. Nilimchukua Felisita taratibu hadi kwenye gari la daktari tukaketi nyuma, yeye upande wa ubavu mzima, mimi upande wa nyonga nzima, tukaegemeana katikati. Hakuniuliza kama atapona. Aliniuliza kuna nini Mwanza wodini mchana, mtu anatazama nini. Nikamweleza ziwa linavyopanda darini. Akafumba macho kama anayeliona.

Hospitali wamemtoa damu, iko njiani kwako. Wamekikata kile kidonda kilichooza na kukisafisha. Nilikaa kwenye benchi nje mpaka daktari akatoka anavua glovu. Nikasimama. Alinitazama, akaona ninachotaka kuuliza, akaniwekea mkono begani.

"Hakijafika kwenye mfupa," akasema. "Amewahi."

Zengo